Maharamia Sebuleni Alfajiri

Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, tena kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini sebule yangu imegeuka bandari ya maharamia. Binti yangu wa miaka minne amezipenda katuni za muziki za maharamia wadogo wanaosaka hazina, ambazo nilijaziwa kwenye flashi katika kibanda kimoja cha Mwanjelwa, na kila asubuhi ya baridi, kabla hata chai haijachemka, wimbo uleule wa kutweka tanga huanza upya.

Wimbo wenyewe ningeuvumilia. Kinachonikera ni kwamba muuzaji alijaza vipande visivyokamilika, hivyo kila safari hukatika pale sanduku la hazina linapotaka kufunguliwa, kisha lawama zote huniangukia mimi, kana kwamba nimelificha chini ya gunia la viazi. Nilipomrudia alinijibu kwamba watoto hawafuatilii mwisho. (Huyo hana mtoto, nadhani.) Kwa sasa mwiko wa ugali ni upanga, kitenge cha mama yake ni tanga, nami, kwa kuwa nina ndevu, nimepewa cheo cha nahodha mwovu bila kuulizwa.