Kisiwa Nilichoahidi Mimi Si Hicho

Kosa nililifanya 2005, siku ya harusi. Ukumbi umejaa, MC kanipa maiki, joto la suti ya kuazima limenipanda kichwani, nikaropoka: "Mke wangu, Mungu akijalia nitakupeleka kisiwani tukapumzike." Vigelegele! Mimi moyoni nilimaanisha Mbudya, kile kisiwa cha hapahapa Dar. Unapanda boti Kunduchi, unakula samaki wa kukaanga, jioni uko kwako.

Juzi Mama Zawadi kaniwekea simu pembeni ya sahani ya ugali. "Baba Zawadi, kisiwa nimekipata. Malta."

Malta iko katikati ya Mediterania, kusini mwa Sicily. Nchi nzima kilomita za mraba 316. Unguja peke yake inaimeza mara tano na njaa iko palepale. Haina mto wala ziwa, maji mengi ya bombani ni ya baharini yaliyotolewa chumvi. Nikamwambia, mama, shida ya maji si tunayo hapahapa Mbagala, tena bila nauli?

Hasikii. Siku hizi ana majibu kama wakili. Eti kule magari yanapita kushoto kama kwetu, plagi ni zilezile za pini tatu bapa, maana nao walitawaliwa na Mwingereza mpaka 1964. "Utajiona uko nyumbani." Sasa mtu ajinyime, apande ndege, ili ajione yuko nyumbani? Nyumbani si ndiyo hapa, nimejifunga msuli, miguu juu ya stuli?

Ila kilichonitoa jasho ni viza. Euro 90 kwa kichwa, na wakikunyima hairudi. Bima ya kukulipia matibabu hadi euro 30,000, mimi ambaye hapa nikiumwa naambiwa ninywe maji ya ndimu nilale. Halafu taarifa ya benki! Akaunti yangu mshahara unaingia asubuhi, saa saba mchana umeshaaga. Afisa akiisoma ile karatasi atanichangia.

Mama Zawadi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, akafungua Matendo ya Mitume. Kile kisiwa cha Melita ndiyo hiyohiyo Malta. Paulo alifika pale merikebu imevunjika, wenyeji wakamkokea moto aote. "Unaona walivyo wakarimu?" Naona sana. Mtu ni mfungwa, kalowa chapachapa, nyoka anamning'inia mkononi, na hakuna aliyemuuliza ana shilingi ngapi benki! Akakaa miezi mitatu ndipo akaondoka. Nikapiga hesabu: siku 90, ndizo hizohizo za viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya tunayoitaka. Yaani mtume hakuzidisha hata siku.

Kuna kisiwa kingine pembeni, Gozo. Unavuka na pantoni, na kwenda hulipi kitu, nauli inadaiwa ukitaka kurudi. Nikasema hiyo naijua, hiyo ni ndoa. Akaninunia mpaka usiku. Kingine kinaitwa Comino, ndicho chenye yale maji ya bluu yaliyomchanganya akili, lakini watu walivyojazana, tangu 2025 sharti ujisajili kwanza mtandaoni uchague na muda. Bahari ya Mungu, mtu unapewa zamu kama kliniki!

Na chakula chao cha heshima ni sungura. Zawadi kasikia, analia, anadhani ni wale wake wawili.

Sasa kaanza na lugha. Kimalta kina asili ya Kiarabu, kwa hiyo kila akipata neno nyumba nzima tunaitwa. Bahari wanasema baħar. Kitabu ktieb. Sabuni sapun. Sita ni sitta, kajifunza siku moja, anatamba kama kazaliwa Valletta, mji mkuu wao.

Jana usiku kashusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati, ambamo tangu Januari tunadumbukiza elfu kumi kila mwezi. Kakaa kitandani, anapanga noti juu ya shuka, mojamoja, kwa Kimalta chake: "...sitta, sebgħa, tmienja, disgħa..."

Akaingiza mkono mpaka chini ya kopo, akapapasa. Akalitikisa. Akaanza kuhesabu upya, taratibu. Akaishia palepale kwenye tisa.

"Baba Zawadi. Għaxra iko wapi?"

Jumamosi kulikuwa na mechi, na pale kibandani mishikaki ilikuwa inanukia. Nikajifunika shuka mpaka masikioni. "Mama, mimi Kimalta sijui."