Nani amlee mkuu wa idara wa kesho?

Katika vyuo vikuu vyetu vya umma nchini Kenya, kuanzia Egerton kule Njoro hadi Maseno, nafasi kubwa hutangazwa na watu wakahojiwa. Nafasi za chini mara nyingi hujazwa kwa barua tu: fulani akaimu uenyekiti wa idara. Wapo sasa wanaotaka wafanyakazi wenye kipaji cha kuongoza watambuliwe mapema, walelewe miaka kadhaa kabla ya barua hiyo.

Hoja yao ina uzito. Uzamifu humfunza mtu utafiti, haumfunzi kusoma bajeti wala kuamua ugomvi. Mwenyekiti mpya anaingia ofisini akute madarasa mawili yamepangiwa ukumbi mmoja. Mlangoni yupo mwanafunzi wa mwaka wa nne ambaye alama zake za mwaka wa pili hazionekani na mahafali yamekaribia. Mhadhiri wa muda aliyefundisha somo lenyewe hashiki simu, maana hajalipwa. Mwenyekiti anajifunzia hapo hapo, na gharama analipa mwanafunzi.

Wanaopinga wanauliza: nani atakayewatambua hao wenye kipaji? Huku kwetu swali hilo si dogo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Hata hivyo, mwaka 2016 wanasiasa waliandamana Eldoret kumpinga kaimu naibu chansela, yaani mkuu mtendaji, wa Chuo Kikuu cha Moi, wakitaka mtu wa jamii ya eneo hilo. Katika mazingira hayo, orodha ya siri ya viongozi wa kesho itajaa wapambe.

Mimi naegemea kwenye kulea, mradi kazi itangulie cheo. Mtu apewe kamati ya ratiba mwaka mmoja, hadharani, kisha ampokeze mwenzake. Idara nzima itajua nani aliwajibu wanafunzi na nani aliwakwepa. Karani wa usajili anayejua faili limekwama wapi naye ahesabiwe. (Kuna maprofesa ambao ukiwapa ofisi umepoteza mtafiti na meneja hujampata.) Anayeomba abaki maabara aachwe, asiitwe mvivu.

Kigumu ni muda. Mwenyekiti mwenye vipindi tele hana saa ya kumlea yeyote, na posho ya cheo haimpunguzii kipindi hata kimoja. Chuo chenye nia kianze kwa kumpunguzia masomo; semina ya hotelini Naivasha inaweza kusubiri.