Pale okestra inaponyamaza

Kila inapotajwa konseto ya piano ya Clara Schumann, mpiga piano na mtunzi Mjerumani, yaani utungo wake wa piano na okestra, jina la mumewe hutangulia. Utaambiwa ni kazi ya mke wa mtunzi Robert Schumann, kana kwamba ndoa ndiyo iliyoandika noti. Mimi jambo hili linaniuma. Clara alianza kuitunga mwaka 1833, akiwa na miaka 13, bado anaitwa Clara Wieck. Tarehe 9 Novemba 1835 aliipiga mwenyewe katika ukumbi wa Gewandhaus mjini Leipzig, Ujerumani, mtunzi Felix Mendelssohn akiongoza okestra. Ni kweli Robert alimsaidia kuvigawia vyombo vya okestra noti zao katika sehemu ya tatu. Lakini ndoa yao ilikuja 1840, na konseto ya piano ya Robert mwenyewe ilisikika kwa mara ya kwanza 1845 huko Dresden. Aliyekaa kwenye piano siku hiyo? Clara.

Hata hivyo, kinachonifanya niipende si tarehe hizo. Ni sehemu ya pili, ile iitwayo Romanze.

Sehemu ya kwanza haifiki mwisho wa kupigiwa makofi. Inateleza tu kuingia ya pili, na hapo okestra nzima inanyamaza. Fidla kimya, filimbi kimya. Mara ya kwanza kuisikia, usiku, nikiwa na spika za masikioni, nilidhani rekodi ina kasoro, nikaongeza sauti. Kumbe ndivyo ilivyotungwa. Piano inaimba peke yake, taratibu, na wimbo unaporudi, selo moja, ile fidla kubwa ya sauti nzito, inaupokea. Sasa piano ndiyo inayoitikia. Wanakwenda hivyo wawili tu, kama watu wanaozungumza chumbani wakijua nyumba nzima imelala. Karibu na mwisho ngoma zinanguruma kwa chini sana, unazihisi kabla hujazisikia, halafu tarumbeta inaita na sehemu ya tatu inaanza.

Wapo wanaosema huo ni utoto, kwamba binti hakujua bado kuitumia okestra. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuzijaza dakika zote kwa kelele ndilo jambo rahisi. Kupewa okestra ya Gewandhaus ukiwa na miaka 16, kisha ukaamua wanamuziki wote wakae kimya wamsikilize mpiga selo mmoja, hiyo ni akili ya mtunzi anayejua anachotaka. Mtunzi Johannes Brahms, rafiki wa Clara hadi uzeeni, naye alimpa mpiga selo mmoja wimbo wa sehemu ya taratibu ya konseto yake ya pili ya piano, mwaka 1881. Yeye hakuna aliyemwita mtoto.

Kazi ya Clara ilipochapishwa, jarida la muziki alilokuwa akilihariri Robert lilimpa mtu mwingine aihakiki. Mhakiki akaandika mwaka 1837 kwamba uhakiki wa dhati hauwezekani, kwa kuwa ni kazi ya mwanamke. Nikisoma hayo nafikiria ile selo, na ule ukimya unaoizunguka, na namwona mtu aliyekuwa na masikio lakini hakutaka kuyatumia.

Miaka miwili baadaye, Clara, akiwa na miaka 20, aliandika katika shajara yake kwamba aliwahi kuamini ana kipaji cha kutunga, lakini wazo hilo ameliacha; mwanamke asitamani kutunga. Mwaka 1847 alijaribu tena, akaanza konseto ya pili. Hakuimaliza.