Eti Ndege Watahama Tu

Kwenye mkutano wa kijiji huku Makete ilikuja hoja ya kupanda misindano, miti ya mbao, kwenye nyasi za juu, zile ambazo hazijawahi kuguswa na jembe. Mzee mmoja akauliza: na ndege wanaotaga mle je? Mtaalamu tuliyeletewa akajibu kwamba ndege wana mabawa, watahama tu. Watu wakapiga makofi, tukaingia ajenda ya barabara. Mpaka leo jibu lile linanikera.

Wahame waende wapi? Mlima wetu Mtorwi unaishia mita 2,961, baada ya hapo ni mawingu. Ndege wa bondeni akizidiwa na joto anaweza kupanda juu. Aliyeko juu tayari hana pa kupanda. Fumbwe wa milimani, ndege wa nyasi tunayemwona hapa, ukitoka nyanda hizi utamkuta ng'ambo kwenye milima ya Nyika, Malawi na Zambia. Makao yake ni hayo, machache na yaliyotawanyika.

Lakini anayeniuma zaidi ni mbayuwayu wa buluu. Huyu huja kwetu kuzaa, kisha mvua zikiisha anarudi kaskazini, pande za Ziwa Victoria. Hatagi mtini. Anaingia shimoni, mara nyingi lile lililochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa, anajenga kikombe cha matope yaliyochanganywa na nyasi, ndani anatandika manyoya. Sasa fikirini mvua zikichelewa. Bila mvua hakuna matope, bila matope hakuna kiota. Mvua ikija kwa fujo, shimo linaingia maji. Ukungu ukikaa siku nzima, kama mnavyoujua wa Kitulo, wadudu hawaruki, na yeye hula wadudu wanaoruka. Mama akikaa juu ya mayai anashinda njaa. Akitoka kutafuta, mayai yanapoa. Kila saa ya baridi ni uamuzi mgumu kwa kiumbe mdogo kiasi kile. Na tarehe ya kuondoka haimngoji: wiki alizopoteza akisubiri matope zinaweza kumnyima uzao wa pili.

Na ndege hawalingani. Hili ndilo mtaalamu wetu alilipita kabisa. Kwa ndege wengi, jike aliyekwisha kuzaa msimu mmoja au miwili hutaga mapema kuliko anayeanza, na hufikisha makinda wengi zaidi hadi kuruka. Mbayuwayu hawa hurudia mashimo yaleyale mwaka hadi mwaka. Funika shimo kwa misindano, na yule aliyelizoea anakuwa mgeni tena, anatafuta pa kuanzia huku mvua zikienda. Kwa hesabu ya macho ndege bado wapo, wanaruka, mtaalamu atawahesabu na kuridhika. Makinda ndio hawapo.

Kwa fumbwe tofauti iko hata kwenye mkia. Mwaka 1982 Malte Andersson wa Sweden alichapisha jaribio alilofanya Kinangop, Kenya, kwa fumbwe wenye mkia mrefu, jamaa za hawa wetu: madume wengine aliwakata mikia, wengine akawaongezea kwa gundi. Walioongezewa walipata viota vingi zaidi kwenye maeneo yao. Majike wanachagua! Na mkia ule dume anauotesha kwa kila msimu wa kuzaa, kwa kula mbegu za nyasi hizihizi. Mwaka mbovu wa mvua hauwapigi wote sawasawa.

Moto wa kuchoma nyasi unaowashwa mvua zikiwa zimeshaanza nao ni balaa, sina la kuongeza.

Nakubali, mbao zinasomesha watoto. Viazi pia. Njombe na Mufindi nyumba nyingi zimesimama kwa misindano, siwezi kumwambia mtu aache. Lakini ardhi iliyokwisha kulimwa ipo, na mashamba ya zamani yaliyochoka yapo. Miche ipelekwe huko. Hifadhi ya Kitulo tangu 2005 inalinda kilomita za mraba 413 hivi, na nyasi zilizobaki nje ya mpaka wake ziko mikononi mwetu, kwenye mikutano kama ule.

Ajenda ile haijafungwa. Kabla shimo la kwanza la mche halijachimbwa, nataka vijana wanaochunga kule juu watembee na kamati ya mazingira, wawaonyeshe mashimo ya mhanga moja baada ya jingine. Wanayajua yote.