Picha Zipewe Muda: Maonyesho, Matukio na Mvutano wa Ukumbi Mmoja

Walio karibu na vituo vya sanaa vya mitaani wanaijua hali hii. Maonyesho yanafunguliwa Ijumaa jioni, ukumbi unafurika, wasanii wanapigwa picha mbele ya kazi zao. Jumatatu chumba kimebaki na mlinzi peke yake. Wiki tano zinazofuata wanaingia watu wawili watatu kwa siku. Huku nyuma kuna kikundi cha ngoma kinachofanyia mazoezi uani, kuna washairi wanaoomba jioni moja tu kwa mwezi, kuna warsha ya watoto iliyokosa nafasi kwa sababu kuta zina picha. Ndipo kwenye kikao cha ratiba mtu anauliza, bila nia mbaya yoyote: kwa nini maonyesho yasikae siku kumi tu, ukumbi ukarudi kwa wanaouhitaji?

Anayeuliza hivyo ana hoja, na ingekuwa dhuluma kumjibu kwamba haelewi sanaa. Mpiga ngoma ni msanii sawasawa na mchoraji. Chumba kitupu chenye picha na ukimya huwatisha wengi. Mtu husimama mlangoni akijiuliza kama anaruhusiwa kuingia, na akiingia hajui asimame wapi. Muziki haumwachi na shaka hiyo. Mtu aliyekuja kwa ajili ya tamasha leo anaweza kuwa mwanachama wa kituo mwakani, na tiketi yake ndiyo inayolipa umeme. Tena mfadhili anataka idadi ya waliohudhuria, na kwa kipimo hicho jioni moja ya muziki huyashinda maonyesho ya mwezi mzima.

Hata kugawana chumba kwa wakati mmoja si rahisi kama inavyosemwa. Kazi za karatasi na rangi ya maji hutunzwa kwenye mwanga hafifu wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na jukwaa linahitaji mwanga mara nyingi zaidi ya huo. Watu mia wakicheza katika chumba kilichofungwa, joto na unyevu hupanda, na karatasi ndani ya fremu huanza kujikunja. Sanamu iliyosimama katikati ya sakafu haiwezi kukaa pamoja na wachezaji. Kwa hiyo mvutano ni wa kweli, na anayesema tuvumiliane tu hajawahi kubeba viti saa nne usiku.

Hata hivyo, naona upande wa maonyesho umeeleweka vibaya, tena mara nyingi na watu wanaoyapenda. Wanayatetea kana kwamba ni tukio la polepole, kisha wanashindwa wakipimwa kwa kipimo cha matukio.

Kuna takwimu inayotumiwa sana kuyaponda maonyesho. Mwaka 2001 Jeffrey Smith na Lisa Smith walichapisha utafiti walioufanya katika jumba la Metropolitan Museum of Art, New York. Waliwafuatilia wageni 150 mbele ya kazi sita mashuhuri na kupima muda ambao kila mmoja alitazama. Wastani ulikuwa sekunde 27.2. Wastani huo wenyewe ulivutwa juu na wachache waliokaa sana, kwani nusu ya watazamaji hawakuzidi sekunde 17. Utafiti huo ulirudiwa Chicago, katika jumba la sanaa la Art Institute, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa karibu yaleyale: wastani wa sekunde 28.63.

Tuikabili namba hiyo bila kuikwepa. Hao ni watu waliofunga safari kwenda kuona kazi zinazojulikana dunia nzima, na ndani ya hizo sekunde 27 umo pia muda wa kusoma kibandiko. Ikiwa bingwa wa karne zilizopita anapata nusu dakika, mchoraji chipukizi wa mtaani atapata nini? Mtu akiondoka hapo na kwenda kusema kwamba saa mbili za tamasha zina thamani kubwa zaidi kuliko sekunde 17 za picha, utamjibu nini?

Nimeifikiria namba hii kwa muda mrefu, na naamini inatuambia jambo tofauti. Mgeni wa jumba kubwa huja mara moja, pengine mara moja maishani, na ana vyumba vingi vya kumaliza kabla ya jioni. Mtu wa kituo cha mtaani anakuja tena na tena. Mzazi humleta mwanawe kwenye somo la ngoma kila wiki na kumsubiri. Mwanafunzi wa ufinyanzi hupita ukumbini akielekea kwenye tanuri. Fundi wa vipaza sauti, mfagiaji, mwalimu wa uigizaji, wote hupita mbele ya ukuta uleule. Chukua mtu anayefika mara mbili kwa wiki. Maonyesho ya wiki sita yatampa mapito 12 mbele ya picha moja. Ya siku kumi yatampa matatu, akibahatika. Hata kama kila pito ni zile sekunde 17 tu, mapito 12 yanazidi dakika tatu, tena zilizogawanywa katika siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa na hali tofauti: amechoka, ana furaha, ana msiba, ana haraka. Jumba kubwa haliwezi kumpa mgeni wake wa siku moja kitu hicho. Kituo kidogo kinaweza, na kinakipoteza kila kinapofupisha maonyesho ili kijaze ratiba.

Kuna majaribio mawili yanayonipa ujasiri wa kusema hivi. La kwanza ni la James Cutting, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, lililochapishwa mwaka 2003. Katika somo lake aliwaonyesha wanafunzi picha za mkondo wa Impressionism, uchoraji uliozuka Ufaransa karne ya 19, kwa sekunde chache bila maelezo yoyote, akizirudia zaidi zile zisizojulikana. Kwa kawaida watu huchagua zile mashuhuri. Kwa wanafunzi hao upendeleo huo ulififia. Kuona mara kwa mara, hata kwa kupitia tu, kuliwajengea mapenzi.

Hapo mtu angeweza kusema kwamba basi picha yoyote ikirudiwa itapendwa, hata mbovu. Aaron Meskin na wenzake walilijaribu hilo huko Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliwaonyesha wanafunzi tena na tena picha za Thomas Kinkade, mchoraji wa Marekani aliyeuza sana lakini akidharauliwa na wahakiki, na wakazilinganisha na za John Everett Millais, mchoraji wa Uingereza wa karne ya 19 anayeheshimiwa. Kadiri Kinkade alivyoonekana mara nyingi ndivyo alivyozidi kupungua mvuto. Millais hakupata hasara hiyo.

Majaribio hayo yalifanywa darasani, hayakufanywa katika kituo cha sanaa, na sitaki kuyabebesha mzigo usio wao. Ila nikiyaweka pamoja naona kwamba kutazama kwa kurudia humfanya mtu wa kawaida awe mwamuzi. Msanii wa mtaani anahitaji mwamuzi wa namna hiyo kuliko anavyohitaji makofi. Usiku wa ufunguzi daftari la wageni hujaa hongera za ndugu na marafiki, na hongera hizo ni halali yake. Lakini wiki ya nne mtu anapoandika kwamba mwanzo ile picha ya kijani haikumvutia na sasa anaiendea kila akija, au kwamba ile kubwa imeanza kumchosha, hapo msanii amepata habari ambayo hawezi kuinunua popote. Maonyesho ya siku kumi yanampa sherehe na kumnyima hukumu.

Gharama nazo zimepimwa upande mmoja. Mwaka 1966 wanauchumi William Baumol na William Bowen walieleza kwa nini sanaa za jukwaani hubaki ghali: kipande kilichotungiwa wapigaji wanne kitahitaji wanne leo kama jana, na kila onyesho hulipiwa upya. Picha ina tabia nyingine. Gharama zake karibu zote huja mwanzo na mwisho: fremu, usafiri, kutundika, vibandiko, kushusha. Msanii hulipia fremu ileile kwa siku kumi au kwa siku 42. Ukifupisha, gharama ya kila siku hupanda, na aghalabu ni mfuko wa msanii unaobeba.

Wapenzi wa matukio wana jibu moja linalonigusa: tundikeni picha kwenye korido, maana huko ndiko watu wanakopita. Wako sahihi kuliko wanavyodhani. Kama hoja yangu ni mapito, korido ni mahali pa heshima, na kituo kinachoweka huko kazi za karatasi kwa miezi mitatu, mbali na jua la dirishani, kinafanya jambo jema. Korido hushindwa na kazi kubwa, kwa kuwa mtazamaji hana pa kurudi nyuma, na hushindwa na sanamu. Msanii aliyefanya kazi 20 zinazosemezana hawezi kuzipanga kati ya mlango wa choo na ubao wa matangazo.

Wale wapiga ngoma walioachwa uani bado wanastahili kujibiwa. Wapewe miezi yao kamili, sakafu tupu, kuta tupu, taa za jukwaa, kuliko kupewa jioni za kuibia katikati ya fremu. Ukumbi ugawanywe kwa misimu, na ndani ya msimu wa picha yaingizwe yale yasiyozidhuru: mashairi, mazungumzo na msanii, mpiga kinanda mmoja. Na taarifa inayoandikwa kwa mfadhili, pamoja na idadi ya waliohudhuria, iwe na safu ya pili inayoonyesha wangapi kati yao walirudi.