Mwaka wangu wa kupumzika ulikuwa na miezi 16

Mimi ni mhasibu. Kwa miaka 11 nilifunga hesabu za mwezi, na anayeijua kazi hii anajua siku za mwisho wa mwezi zinavyokuwa: ankara zinazochelewa, salio la benki lisilokubaliana na daftari, mkuu wa idara anayepiga simu kila nusu saa kuuliza umefikia wapi. Nilipoacha kazi ili nipumzike mwaka mzima, nilidhani hayo yote nimeyaacha ofisini. Mwezi wa kwanza, usiku wa tarehe 28, niliamka saa tisa moyo ukinienda mbio. Nikakaa kitandani gizani nikijaribu kukumbuka ni ankara gani sijaiingiza. Hakukuwa na ankara yoyote. Mwezi wa pili ikawa vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo ambalo ningependa mtu angeniambia kabla sijaondoka. Nilikuwa nimehesabu kwamba siku ninapokabidhi funguo ndiyo siku mapumziko yanapoanza. Kumbe mwili ulikuwa bado uko kazini, na ulibaki huko karibu miezi mitano bila mshahara.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa, nayo ina sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako kimawazo au kuionea kinyaa, na kuhisi huna tena uwezo wa kuifanya vizuri. Wengi wetu tunaijua ile ya kwanza na tunaivumilia, tukiamini wiki mbili za likizo zitaimaliza. Mimi iliyonishtua ni ya pili. Wiki chache kabla sijaandika barua ya kuacha kazi, dereva mmoja aliniletea risiti zake za safari zikiwa zimelowa mvua. Alikuwa amezitandaza moja moja juu ya karatasi ngumu ili zisomeke. Nikamrudishia, nikamwambia hazipokeleki, na sikumtazama usoni. Zilikuwa zinasomeka. Nililijua hilo wakati ule ule, na bado nikamwacha aondoke nazo. Mtu aliyeingia katika uhasibu kwa sababu alipenda haki itendeke kwenye fedha za watu alikuwa amefika hapo.

Basi nikaondoka, na kosa la kwanza nililofanya ni kuugeuza mwaka wangu kuwa kazi nyingine. Nilikuwa na orodha: kozi ya uchambuzi wa takwimu, lugha mpya, mazoezi kila asubuhi, vitabu 40. Nilitengeneza jedwali kwenye kompyuta, na kila jioni nilijaza nilichofanya na nilichoshindwa. Kufikia wiki ya sita nilikuwa nalala nikiwa na deni la mazoezi ya siku nne na sura tatu za kitabu. Nililifuta jedwali lile asubuhi moja, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikufanya jambo lolote ambalo ningeweza kumsimulia mtu.

Najua wapo wanaosema kinyume, na wana uzoefu wao. Stefan Sagmeister, mbunifu wa michoro wa New York ambaye hufunga studio yake mwaka mzima kila baada ya miaka saba, ameeleza kuwa mara ya kwanza aliingia bila mpango akajikuta anahangaika na vijambo vidogo vidogo tu, mpaka alipojipangia ratiba kama ya shule. Namwamini. Lakini yeye alikwenda kutafuta mawazo mapya, mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimekwisha. Anayetaka kuacha kazi kwa mwaka ajiulize kwanza yeye ni yupi kati ya hawa wawili, kwa maana ratiba inayomfaa mmoja inamuumiza mwenzake.

Mwezi wa sita, tarehe 3, nilikuwa naanika nguo nikagundua kuwa mwisho wa mwezi umepita na nimelala usingizi. Niliketi pale pale kwenye ngazi na beseni pembeni, nikalia.

Baada ya siku ile ndipo nilipoanza kuona vitu. Baba yangu hupenda kupiga simu saa za asubuhi. Miaka yote nilikuwa nampokea nikiwa naandika, simu nimeibana begani, naye alikuwa akiniuliza jambo lile lile mara mbili mbili. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba hanisikilizi. Sasa, nikiwa nimekaa na sina pa kwenda, nilimsikia akisema, "Subiri mwanangu, nigeuze simu." Nikamuuliza anaigeuza kwenda wapi. Akasema sikio la kulia halisikii vizuri, ni mwaka wa tatu sasa. Miaka mitatu. Tulikwenda wote kupima, na leo ana kifaa cha kusikilizia. Nimeulizwa mara nyingi niliupata ustadi gani mpya katika mwaka ule. Kozi sikuimaliza, lugha nimeisahau. Sikio la baba nisingelijua.

Nije kwenye fedha, maana hapa ndipo nilipokosea hesabu, mimi ninayewafanyia watu hesabu. Nilikuwa na akiba ya miezi 13: 12 ya kuishi na mmoja wa tahadhari. Nilisahau vitu viwili. Cha kwanza ni bima ya afya. Ukiwa na mwajiri huioni, imo ndani ya hati ya mshahara na sehemu kubwa analipa yeye. Ukiondoka unailipa yote mwenyewe, au unakaa bila bima ukiomba Mungu usiugue. Michango ya pensheni nayo husimama, na pengo lake utalikuta uzeeni. Cha pili ni kwamba mwisho wa mwaka si siku ya kupata kazi, ni siku ya kuanza kuitafuta. Mimi ilinichukua miezi minne. Mwaka wangu kwa hiyo ulikuwa na miezi 16, na mitatu ya mwisho niliimaliza kwa mkopo wa dada yangu, ambao bado naulipa. Yeyote anayeniuliza sasa namwambia azidishe: kama unataka kupumzika miezi 12, weka ya 18. Kama huna ya 18, pumzika sita. Sita yenye utulivu inazidi 12 ambayo nusu yake unahesabu senti.

Kuhusu pengo kwenye wasifu, hofu ilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe, ingawa sitasema halikuwepo. Dunia imeanza kulizoea. Tangu mwaka 2022 LinkedIn, mtandao ambao watu huweka wasifu wao wa kazi, imekuwa na sehemu ya kuandika kwamba ulisimama kazi na kwa nini, na benki ya Goldman Sachs ilianzisha tangu mwaka 2008 programu ya kuwapokea waliokaa nje ya kazi kwa muda. Hata hivyo, katika usaili wangu wa kwanza na wa pili nilisema nilikuwa nafanya ushauri wa hapa na pale. Haikuwa kweli, na nadhani sauti yangu ilinisaliti. Wa tatu nilichoka kusema uongo. Mkurugenzi wa fedha, mama wa makamo, aliponiuliza nilikuwa wapi mwaka mzima, nilisema nilichoka nikapumzika. Aliweka kalamu chini.

"Na umejuaje kuwa umepona?"

Nikamsimulia habari ya tarehe 28. Hakucheka, wala hakuandika kitu. Alisema tu kwamba yake ni tarehe 30.

Lakini kinachonikaa moyoni kuliko vyote si mimi. Niliweza kuondoka kwa sababu sikuwa na watoto wa kusomesha, nilikuwa na akiba, na nilikuwa na dada. Dereva yule mwenye risiti zilizolowa hawezi, na uchovu wake si mdogo kuliko wangu. Wazo la mwaka wa kupumzika ni la kale sana. Torati iliagiza ardhi ipumzishwe kila mwaka wa saba, na mwaka 1880 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwapa maprofesa wake likizo ya namna hiyo. Tangu hapo limebaki zaidi kwa wasomi na wenye akiba. Haikulazimika kuwa hivyo. Ubelgiji ilitunga sheria mwaka 1985 iliyomwezesha mfanyakazi kusimama kazi kwa muda huku akipata posho ya serikali, na mwajiri akatakiwa kumweka mtu asiye na ajira kushika nafasi yake. Mmoja anapumzika, mwingine anapata kazi. Nikiwa mhasibu naiona gharama yake, siifichi. Ila naiona pia gharama ya mfanyakazi anayemrudishia mtu risiti halali kwa sababu hana nguvu ya kuzisoma.

Ofisini kwangu sasa kuna msichana wa miaka 29, mahiri kuliko nilivyokuwa umri wake. Mwezi uliopita alikuja mezani kwangu jioni, wenzetu wameshaondoka, akaniuliza niliwezaje. Tulichukua karatasi tukaandika: kodi ya nyumba, chakula, nauli, ada ya mdogo wake. Tulifika kwenye mstari wa bima tukasimama hapo, na tulipozidisha kwa 18 alikunja karatasi akaiweka kwenye pochi. Hakusema kitu.

Siku iliyofuata nilimwandikia barua mkuu wa rasilimali watu. Niliomba kampuni iweke utaratibu wa likizo bila malipo ya miezi mitatu hadi sita kwa aliyefanya kazi miaka mitano, bima yake ikiendelea kulipwa na nafasi yake ikimsubiri. Niliambatisha jedwali la gharama zake, pamoja na gharama ya kumtafuta na kumfundisha mtu mpya kila mmoja wetu anapoondoka. Ni wiki ya tatu leo. Sijajibiwa, na Ijumaa nitapanda ngazi kwenda kuuliza mwenyewe.