Ibrahimu alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa

Mkristo anayefunga, anayetoa zaka na asiyekosa ibada, kisha bado analala na hofu kama Mungu amemkubali au la, bidii anayo. Alichokosea ni mpangilio: anatanguliza matendo ili akubaliwe.

Fungua Mwanzo, usome taratibu. Katika 15:6 Abramu, ndiye Ibrahimu kabla hajabadilishiwa jina, anamwamini Bwana, na anahesabiwa haki, yaani anakubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki. Mlango wa 16 Ishmaeli anazaliwa, Abramu akiwa na miaka 86. Tohara inakuja mlango wa 17, akiwa na miaka 99. Kwa hiyo kwa miaka 13 au zaidi mzee huyu alikuwa mwenye haki mbele za Mungu bila alama yoyote mwilini. Hoja ya Paulo katika Warumi 4, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani wala si kwa matendo, inasimama hapo, na ndiyo inayozaa Warumi 5:1, ile amani kwa Mungu kwa njia ya Yesu Kristo.

Sheria ya Musa haiwezi kuleta amani hiyo kwa sababu inadai yote. Marabi, walimu wa Kiyahudi, walihesabu ndani yake amri 613. Ukishika 612, iliyobaki inakushtaki. Wengi wakishindwa huchagua zile wanazoziweza, za mavazi, vyakula na siku, halafu huwapimia wenzao kwa hizo. Hata Petro, kule Antiokia, aliacha kula na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa waliotahiriwa, Barnaba naye akachukuliwa. Paulo alimkemea mbele ya wote, na alifanya vyema.

Wapo watakaoleta Yakobo 2, panaposema Ibrahimu alihesabiwa haki kwa matendo. Sawa, lakini Yakobo anamtaja Isaka juu ya madhabahu. Hiyo ni Mwanzo 22, miaka mingi baada ya 15:6. Aliyemtoa mwanawe alikuwa amekwisha kukubaliwa.

Tena imani yenyewe isigeuzwe kuwa amri ya 614, mtu akakesha anapima kama ameamini vya kutosha. Anayeokoa ni Kristo, hata imani ikiwa changa.

Basi dhamiri ikikushtaki, usikimbilie kuahidi mfungo wa siku tatu kama malipo. Itaje dhambi kwa jina lake, uiungame kama 1 Yohana 1:9 inavyoelekeza, uamini kwamba umesamehewa. Kama uliiba, rudisha. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne, lakini Yesu alikuwa amekwisha kumwambia ashuke upesi, kwamba leo atashinda nyumbani mwake.